Mkao wa Mwili na Nia ya Moyo: Muislamu na Mazoezi ya Yoga

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, Mwingi wa Rehema, Mwenye Kurehemu.

Sifa zote njema zinamstahikia Mwenyezi Mungu, aliyemuumba mwanadamu kwa umbo lililo bora, akampa viungo ili avitumie katika twaa Yake. Na sala na salamu zimshukie Mtume Muhammad (S.A.W.), na jamaa zake, na masahaba zake, na kila aliyeufuata uongofu wake mpaka Siku ya Malipo.

Ama baada ya hayo: miongoni mwa masuala yanayoulizwa mara kwa mara katika nyumba za Waislamu wanaosema Kiswahili, Maskati na Dubai, na vilevile London na kwengineko, ni hili la mazoezi yanayoitwa yoga. Aghalabu suala hili haliletwi na mtu anayetaka kuiacha dini yake. Huletwa na mama mwenye maumivu ya kiuno, ambaye daktari amemshauri ajifunze mazoezi hayo; au huletwa na baba ambaye binti yake amerudi kutoka skuli akaeleza kwamba darasa zima lilikaa chini, macho yamefumbwa, viganja vimeunganishwa mbele ya kifua, na mwalimu akawataka watoto watoe sauti moja ndefu kwa pamoja. Mama anataka kujua kama mgongo wake utapata nafuu kwa kitu kilicho halali. Baba anataka kujua kama mwanawe ameabudia kitu bila ya kujua. Masuala haya yanafanana kwa nje, lakini jawabu lake si moja.

Majibu mawili ya haraka yanasikika kila panapozungumzwa khabari hii. La kwanza husema kwamba yoga ni ibada ya Mabaniani, na mwenye kuifanya ameingia katika shirki, hata akiwa ananyoosha mguu tu chumbani kwake. La pili husema kwamba mwili ni mwili, mazoezi ni mazoezi, na mkao hauna maana yoyote. Kila moja limeshika upande wa kweli na likaacha upande mwengine, na hili la pili, kama itakavyoonekana, ni zito zaidi kwa Muislamu kulitamka kuliko anavyodhani.

Inafaa kwanza ijulikane yoga ni nini kwa wenyewe. Neno hilo ni la Kisanskriti, na asili yake ni kitendo cha kufunga nira, kama wanavyofungwa ng'ombe wawili wavute jembe kwa pamoja. Kitabu mashuhuri cha fani hii kinanasibishwa na Patanjali, nacho ni mkusanyo wa semi fupi zipatazo 195. Ndani yake njia ya yoga imegawiwa daraja nane: makatazo, wajibu wa mtu kwa nafsi yake, mkao, kuitawala pumzi, kuzirudisha hisia ndani, kuikaza fikra, kutafakari, na mwisho mzamo ambao ndani yake nafsi huachana na mambo ya dunia. Jambo la kushangaza kwa mtu wa leo ni kwamba mkao, ambao kwa watu wengi ndiyo yoga yote, umetajwa humo kwa semi chache sana, na linalotakiwa ni kwamba uwe imara na wa raha. Maana yake ni kikao cha mwenye kutafakari. Mkao ulikuwa kiti, na safari ilikuwa kwengine.

Waislamu walilijua jambo hili zamani. Abu Rayhan Al-Biruni, aliyezaliwa Khwarazm mwaka 973, alijifunza Kisanskriti, akakifasiri kitabu cha Patanjali kwa Kiarabu, kisha mnamo mwaka 1030 akaandika kitabu chake kikubwa juu ya India. Aliona kwamba kabla ya kukikubali au kukikataa kitu ni lazima kwanza kielezwe kama wanavyokieleza wenyewe, akawanukulia Wahindu itikadi zao bila ya kuzipotoa, na yeye akabaki Muislamu. Waliokuja baada yake hawakuwa wote na subira hiyo.

Mikao mingi inayofundishwa leo haimo katika kitabu cha Patanjali. Kitabu cha Hatha Yoga Pradipika, kilichoandikwa karne ya 15, kinaeleza mikao ipatayo 15, na mingi katika hiyo ni ya kukaa. Mwaka 1893 Vivekananda alikwenda Chicago kuieleza dini yake mbele ya mkutano wa dini za ulimwengu, na yoga aliyoieneza huko ilikuwa ya fikra. Mikao ya mwili hakuijali sana. Ni katika miaka ya 1930, katika kasri ya mfalme wa Mysore, ambapo Krishnamacharya alikuwa akiwafundisha vijana mikao ya kusimama, ya kupinda na ya kugeuza mwili, kwa namna ambayo baadhi ya wanahistoria wanaona imechanganyika na mazoezi ya viungo ya Ulaya na ya majeshi. Mwanafunzi wake, B. K. S. Iyengar, alichapisha mwaka 1966 kitabu kilichojaa mamia ya picha, nacho kikaisambaza fani hii duniani. Tarehe 11 Desemba 2014, Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa liliifanya tarehe 21 Juni kuwa siku ya yoga ya kimataifa, kwa azimio lililoungwa mkono na nchi 177, zikiwemo nchi nyingi za Kiislamu.

Basi anayesema kwamba kila mkao wa yoga ni ibada ya kale ya Wahindu anasema lisilothibiti katika historia. Na anayesema kwamba yoga haina uhusiano wowote na dini naye amekosea, kwa sababu daraja zile nane hazikufutwa. Zipo, na walimu wengi bado wanazifundisha, wengine kwa uwazi na wengine kwa maneno laini ambayo mwanafunzi hajui yametoka wapi.

Waswahili wana methali isemayo kuwa Baniani mbaya, kiatu chake dawa. Methali hiyo haiwatendei haki Mabaniani, ambao wameishi na kufanya biashara Maskati na Unguja kwa karne nyingi, na hekalu lao Maskati lipo mpaka leo chini ya amani ya watawala wa Kiislamu. Lakini ndani yake mna hoja: faida ya kitu hupimwa mbali na itikadi ya mwenye nacho. Waislamu walichukua hesabu kutoka India na tiba kutoka kwa Wayunani, na hakuna mwanachuoni aliyesema kwamba tarakimu zina shirki ndani yake. Tatizo ni kwamba kiatu hakisemi kitu na tarakimu haiabudu. Je, mwili uliokaa mkao fulani nao hausemi kitu?

Hapa ndipo penye kiini cha suala, na Qur'ani Tukufu inatoa mwanga mkubwa. Malaika waliamrishwa wamsujudie Adam (A.S.), wakasujudu, kama ilivyo katika Suratul-Baqara, aya ya 34. Wazee na ndugu zake Yusuf (A.S.) waliporomoka kumsujudia, kama ilivyo katika Sura Yusuf, aya ya 100. Na watu wa Malkia wa Saba walikuwa wakilisujudia jua, kama alivyoeleza hud-hud katika Suratun-Naml, aya ya 24. Kitendo ni sijda katika khabari zote tatu. Sijda ya Malaika ilikuwa ni kumtii Mwenyezi Mungu, na aliyekataa kuifanya ndiye aliyelaaniwa. Sijda ya jamaa zake Yusuf ilikuwa maamkizi na heshima, yaliyoruhusiwa katika sharia ya wakati wao. Sijda ya watu wa Saba ilikuwa shirki. Kama mwili peke yake ndio ungekuwa na hukumu, zote zingekuwa na hukumu moja.

Pamoja na hayo, sharia ya Mtume Muhammad (S.A.W.) ilikuja ikaufunga mlango ule wa heshima, haijuzu tena kumsujudia kiumbe hata kwa maamkizi. Hii inaonyesha kwamba umbo la kitendo nalo lina uzito wake. Mtu hawezi kusujudu mbele ya sanamu kisha akasema kwamba nia yake ilikuwa kunyoosha mgongo.

Mambo haya mawili yanakutana pia katika khabari ya Kibla. Mwenyezi Mungu anaamrisha katika Suratul-Baqara, aya ya 144, kwamba nyuso zielekezwe upande wa Msikiti Mtukufu; kisha katika sura hiyo hiyo, aya ya 177, anabainisha kwamba wema si kule kuzielekeza nyuso mashariki au magharibi, bali ni imani, na kutoa mali, na kusimamisha sala, na kutimiza ahadi. Mwenye kuipuuza aya ya kwanza hana sala, na mwenye kuipuuza ya pili, sala yake ni mgeuko wa shingo.

Kwa Muibadhi, kusema kwamba mkao hauna maana ni jambo gumu zaidi. Yeye husimama katika sala mikono yake imening'inia ubavuni. Haiinui wakati wa takbira wala haiwekei kifuani, na wanavyuoni wa madhehebu huliunga jambo hili na utulivu na kujiepusha na harakati zisizo za sala. Mtoto wa Kiibadhi anayesoma nchi za ugenini huulizwa na wenzake kwa nini hafungi mikono, na wazee wake humfundisha jawabu. Watu wanaojua kwamba mahala pa kuuweka mkono ni jambo la kutafutiwa dalili hawawezi kisha wakasema kwamba mwili ni mwili tu. Na itikadi yao juu ya imani ni hiyo hiyo: imani ni itikadi, kauli na matendo, na viungo vina sehemu yao. Wakati huo huo, Musnad ya Imam Al-Rabii bin Habib, ambayo ndiyo tegemeo lao kubwa katika Hadithi, inafungua kwa mlango wa nia.

Basi la kuulizwa juu ya kila mkao ni hili: umeelekezwa kwa nani? Mkao unaoitwa wa mtoto ni kupiga magoti na kuinamisha paji la uso mpaka chini, na kwa mbali mtu anaweza kudhani ni sijda. Mwenye maumivu ya mgongo anaufanya ili mishipa ya kiuno ilegee. Haelekei kwa yeyote, hatamki kitu, hana anayemtukuza. Huyu hajaabudu, kama vile aliyeinama kufunga kamba za kiatu hajarukuu. Na kutafuta tiba ni jambo lililohimizwa. Chama cha matabibu wa Marekani mwaka 2017 kiliitaja yoga miongoni mwa njia za kutibu maumivu sugu ya kiuno bila ya dawa. Majina ya mikao nayo yasimtishe mtu. Upo mkao wa mbwa, wa paka na wa nyoka, na Mtume (S.A.W.) amekataza kutandika mikono kama mnyama mkali na kudonoa kama kunguru, lakini makatazo hayo ni ya ndani ya sala. Upo pia mkao wa maiti, wa kulala chali bila ya kutikisika. Na Muislamu ana sababu nzuri zaidi za kuikumbuka mauti hapo kuliko kulichukia jina.

Hali hugeuka katika zoezi liitwalo Surya Namaskar. Maana ya maneno hayo ni maamkizi ya jua. Ni mfululizo wa hatua, aghalabu 12, za kusimama, kuinama na kulala kifudifudi, na kwa desturi yake hufanywa alfajiri kuelekea jua linapochomoza, pamoja na kuyataja majina 12 ya jua kwa kulitukuza. Hapa kuelekea kupo, matamshi yapo na anayetukuzwa yupo. Suratu Fussilat, aya ya 37, inakataza waziwazi kulisujudia jua au mwezi. Tena Mtume (S.A.W.) amekataza hata sala ya Mwenyezi Mungu Mwenyewe isisaliwe wakati jua linapochomoza, ili Muislamu asifanane na wanaoliabudu. Ikiwa sala imezuiliwa saa hiyo kwa sababu ya mfano tu, itakuwaje hali ya zoezi ambalo jina lake ni maamkizi ya jua? Wapo wanaofanya harakati hizo jioni, ndani ya chumba, bila ya jina wala maneno wala kuelekea, na hukumu ya mchezo huo wa viungo si ile ya ibada. Lakini mwenye kuiangalia dini yake ataona kwamba mikao mengine ipo tele, na hapotezi afya yake kwa kuuacha mfululizo mmoja.

Matamshi yana hukumu iliyo wazi zaidi. Mantra ni uradi, na sauti ile ndefu wanayoimba kwa pamoja ni tamko takatifu kwa Wahindu. Ulimi wa Muislamu hauazimwi kwa uradi wa dini nyengine, ajue maana yake au asijue. Mtoto aliyeitoa sauti hiyo skuli hana dhambi, kwa kuwa hakukusudia wala hakujua, mzazi asimtishe. Amwendee mwalimu, amueleze kwamba mwanawe atanyoosha viungo pamoja na wenzake na atanyamaza penye kuimba. Walimu wengi hawana khabari ya asili ya sauti hiyo, na wakielezwa kwa upole hukubali.

Baraza la Fatwa la Malaysia lilipotoa tamko lake Novemba 2008, lilikataza yoga iliyochanganyika na ibada na uradi, na siku chache baadaye Waziri Mkuu wa nchi hiyo akafafanua kwamba mazoezi ya mwili bila ya uradi hayakatazwi. Maulamaa wa Indonesia Januari 2009 nao walitenga baina ya ibada na mazoezi. Saudi Arabia mnamo Novemba 2017 iliisajili yoga miongoni mwa michezo. Ama khabari ya wanaume na wanawake kuchanganyika na ya mavazi ya kubana, hukumu yake inajulikana na haikuanza na yoga.

Linabaki jambo lililo la siri zaidi, nalo ni mafundisho yanayosemwa mwishoni mwa zoezi, taa zimepunguzwa na mwili umechoka kwa raha. Hapo mwalimu husema kwamba mtu akizama ndani ya nafsi yake atakuta kuwa yeye na Mungu ni kitu kimoja. Si skuli zote za falsafa ya Kihindu zinazosema hivyo; Patanjali mwenyewe alikusudia nafsi kujitenga na maumbile, na kauli ya umoja ni ya wengine. Lakini ndiyo inayosikika zaidi leo, na inagongana na msingi wa tauhidi. Mwenyezi Mungu hafanani na chochote, kama ilivyo katika Suratush-Shura, aya ya 11. Hakai ndani ya kiumbe wala kiumbe hageuki kuwa Yeye. Maibadhi, ambao wamekuwa wakali kuliko wengi katika kumtakasa Mwenyezi Mungu na kila mfano, hata wakakataa kwamba ataonekana kwa macho Akhera, hawawezi kuiacha kauli hiyo ipite kwa kuwa imesemwa kwa sauti ya upole. Mama aliyeenda kutibu kiuno anaweza kurudi na itikadi ambayo hakuiombea dawa.

Hata hivyo, anayemwona mama huyo akiwa na mkeka wake asimwite mushriki. Maibadhi wana khabari yao katika jambo hili. Mnamo mwaka 64 wa Hijra, Abdullah bin Ibadh alijitenga na Nafi' bin Al-Azraq na wafuasi wake kwa sababu hao waliwahukumu Waislamu waliowakhalifu kuwa ni washirikina, wakajihalalishia damu na mali zao. Kwa Maibadhi, Muislamu mwenye kufanya kosa kubwa anaweza kuwa amekufuru neema, lakini hatolewi katika mila. Ikiwa hiyo ndiyo hukumu ya mwenye kosa kubwa, mwanamke anayenyoosha uti wa mgongo kwa amri ya daktari ana haki ya kuulizwa kabla ya kusemwa.

Na akiulizwa, mara nyengine husema neno ambalo linapaswa kuwashughulisha Waislamu kuliko Surya Namaskar yote. Husema kwamba anapata utulivu kwenye mkeka ule ambao hajawahi kuupata kwenye msala wake. Wengi humkemea hapo hapo. Lakini amesema kweli ya hali yake, na sababu yake haiko mbali. Zoezi analipa saa nzima. Simu ameizima, mlango ameufunga, pumzi yake inakwenda polepole, na katika kila mkao anangoja. Sala ya adhuhuri anaipa dakika nne, moyo wake uko jikoni, na paji la uso halijagusa ardhi ila limeinuka. Huko ndiko kudonoa kwa kunguru.

Mtume (S.A.W.) alimwona mtu akisali kwa haraka, akamwambia arudi akasali, kwa kuwa hajasali, ikawa hivyo mara tatu, mpaka mtu yule akaomba afundishwe. Akamfundisha arukuu mpaka atulie katika kurukuu, ainuke mpaka asimame sawasawa, asujudu mpaka atulie katika kusujudu, akae mpaka atulie katika kukaa. Kutulia huko ni katika wajibu wa sala, si pambo lake, na ndiko anakokutafuta mama yule kwa ada ya kila mwezi. Suratur-Raad, aya ya 28, inataja wapi nyoyo hupata utulivu, na ni katika kumkumbuka Mwenyezi Mungu. Mwili umetulizwa katika njia zote mbili. Katika sala, pana anayesemezwa.

Mkeka wake hauna haja ya kutupwa. Mtu aliyejizoeza kubaki katika mkao mmoja kwa muda wa pumzi kumi amekwisha kuthibitisha kwamba mwili wake unaweza kungoja, na hana udhuru tena wa kuinuka katika rukuu kabla mgongo wake haujanyooka.